Kichupa cha Mama Dekio

Kila siku ya kazi, saa moja na robo asubuhi, Bwana Vipimo alifungua friji ya maabara, akatoa kichupa kilichokaa tundu la kwanza la safu ya kwanza, akakipindua taratibu mara nane mkononi, akakiingiza kwenye mashine. Mashine ilinguruma kidogo, ikanyonya tone moja, ikatafakari kwa dakika mbili, ikatoa karatasi. Karatasi ilisema tano nukta sifuri. Hapo ndipo siku ilipoanza. Kabla ya karatasi hiyo hakuna mgonjwa aliyechomwa sindano, hata awe amekuja alfajiri na tumbo tupu, kwa sababu mashine isiyokumbushwa damu ya mtu mwenye afya inafananaje haiwezi kumtambua mgonjwa.

Damu iliyokuwa ndani ya kichupa ilikuwa ya Mama Dekio, mfanya usafi wa jengo lile la ghorofa tatu. Jina hilo alipewa na wagonjwa, naye alilipokea kwa roho safi. Dekio lilikuwa lake kweli. Alilifunga mwenyewe kwa vitambaa alivyovichagua, na mtu aliyeligusa bila ruhusa alikatwa jicho mpaka akalirudisha.

Damu yenyewe ilitolewa miaka mitatu nyuma, asubuhi ya kwanza ya utafiti. Damu ya kulinganishia kwa kawaida hutoka kiwandani, kwenye boksi lenye barafu, na boksi la mara ile lilikuwa limekwama njiani. Wagonjwa sitini walikuwa wameshapangwa kwenye mabenchi ya kijani, nusu yao wenye kisukari, nusu wenye selimundu, ugonjwa ule wa damu wa kuzaliwa nao unaokula mifupa kwa maumivu. Bwana Vipimo alitazama kulia, akatazama kushoto, akamwona Mama Dekio anapiga deki ukumbini huku akiimba kwa sauti ya chini. Akamwomba mkono. Daktari wa zamu akampima kuanzia utosini hadi unyayoni na hakumkuta na dosari: sukari sawa, wekundu wa damu sawa, hata meno yalikuwa yote. Bwana Vipimo akatoa kichupa kimoja, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito neno KAWAIDA, akitumaini kitamfikisha mwisho wa wiki.

Hakikuisha. Kila asubuhi kilitoa tone, na kila asubuhi iliyofuata kilikuwa kimejaa mpaka kwenye mstari. Wala damu haikuganda. Bwana Vipimo, ambaye hakuwa mtu wa kuficha mambo ya kazi, aliandika kwenye daftari la kasoro, kati ya taa ya chooni isiyowaka na kiti cha mapokezi kinachoyumba: "Damu ya kulinganishia haiishi." Profesa aliyeongoza utafiti akapitisha macho, akaandika pembeni: "Sawa. Tuendelee." Taa ya chooni ilitengenezwa baada ya miezi minne.

Baadaye aligundua kwamba damu ile haikuwa imeachana na mwenyewe. Siku Mama Dekio alipopata homa, kichupa kilipata joto na kikayeyusha barafu ya friji, ikabidi kizungushiwe kitambaa chenye maji. Siku kitindamimba wake alipofaulu mtihani wa uuguzi, mashine ilimaliza foleni nzima saa nne asubuhi bila kukwama hata mara moja. Na akiwa anapanda ngazi na ndoo, aliyekishika kichupa alisikia kinadunda kwenye vidole. Yote haya Bwana Vipimo aliyaandika, tarehe na saa, kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima.

Mke wa Bwana Vipimo alikuwa mshonaji, na watu wote walimwita Fundi. Alianza kuugua kisukari akiwa na miaka kumi na minne, akakizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mwenza mkorofi. Kilichomshinda ni kidonda. Kilitokea chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, mguu uleule wa kukanyagia cherehani, na kwa miaka miwili kilifunga na kufunguka kikimkejeli. Alikuwa ameshawahi kuambiwa ajiandae kukatwa. Utafiti ulipoanza, mumewe alimwandikisha, akawa mshiriki namba thelathini na moja. Kila mshiriki alipewa kidonge kimoja cha kijani kwa siku. Nusu ya vidonge vilikuwa dawa na nusu vilikuwa chaki iliyopakwa rangi, na hakuna mtu ndani ya jengo aliyejua nani anameza kipi. Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa, na si kwa ubaya.

Miaka miwili ya kwanza haikuleta jambo la kusimulia. Mwaka wa tatu ndipo watu walipoanza kupona.

Walipona kwa utulivu, wiki baada ya wiki. Mashine ilimwambia mtu sukari yake ni tisa, wiki iliyofuata nane, halafu saba, na mwenye selimundu ikamwambia wekundu wa damu yake umepanda, na miili haikutaka kubishana na mashine. Macho yaliyokuwa na ukungu yakaona namba za milango. Mwalimu mmoja mwenye selimundu, ambaye kila mwezi alilala kitandani siku kumi akiuma shuka kwa maumivu ya mifupa, alifundisha muhula mzima bila kukosa kipindi, na wanafunzi wake wakalalamika. Fundi aliamka siku moja akakuta kidonda kimefunga. Alikaa ukingoni mwa kitanda akakigusa kwa kidole, akakigusa tena, kisha akaenda kwenye cherehani akashona mapazia ya watu watatu bila kupumzika, analia na kushona, na mapazia yakanyooka vizuri tu.

Sanduku la maoni lililokuwa mapokezini, ambalo hapo awali lilipokea malalamiko kuhusu choo, lilijaa shukrani. Watu walimshukuru Mungu, Profesa, kidonge, wauguzi, na mmoja aliyekuwa amezidiwa na furaha akaishukuru foleni. Mtu pekee aliyekuna kichwa alikuwa mtakwimu, kijana mpole wa miwani. Alimwambia Profesa kwamba, kwa jinsi hesabu zinavyoelekea, lazima waliomeza chaki wanapona sawasawa na waliomeza dawa, kwa sababu wanapona wote.

"Hiyo ni habari mbaya?" Profesa aliuliza.

"Kwa watu si mbaya, Profesa. Kwa jedwali ndiyo mbaya."

Profesa alikuwa na moyo mzuri na tarehe ya kuwasilisha ripoti. Akamwambia jedwali litarekebishika.

Katika miezi hiyohiyo Mama Dekio alianza kukonda. Kwanza ndoo ilikuwa nzito, kisha ngazi zikawa nyingi. Alibeba chupa kubwa ya maji popote alipokwenda, akaimaliza, akaijaza kwenye bomba la ghorofa ya pili, akaimaliza tena. Chooni kwa wafanyakazi sisimizi walijipanga mstari kuanzia dirishani, na kwa kuwa ndiye aliyesafisha choo, aliwafagia kila siku bila kuuliza wamefuata nini. Aliacha kuimba, kwa sababu koo lilikauka upesi.

Bwana Vipimo alimpima. Mashine ilisema tano nukta sifuri. Akampima juma lililofuata, tano nukta sifuri. Akampima asubuhi, akampima baada ya kula, akampima mkono wa kushoto. Tano nukta sifuri. Hakuna mtu katika jengo lile, mgonjwa wala daktari, aliyewahi kupata namba safi kiasi hicho.

"Mama, huna kitu," daktari wa zamu alimwambia. "Wewe hapa ndiye kawaida yenyewe. Punguza maji tu."

"Ahsante, daktari," Mama Dekio alisema. Alikuwa mtu wa kushukuru. Akajitahidi kupunguza maji, akashindwa, akaona aibu.

Kuna jambo moja ambalo Bwana Vipimo hakuliandika kwenye daftari. Miezi miwili kabla, boksi la kiwandani lilikuwa limefika. Damu mpya ya kulinganishia, vichupa ishirini na vinne, na karatasi yake yenye mhuri. Alilisaini, akaliweka chini kabisa kwenye friji, nyuma ya barafu. Alijiambia kwamba kichupa cha zamani kinafanya kazi vizuri na hakuna sababu ya kuharibu mpango. Huko ndani, mahali ambapo mtu hajiambii kitu kwa maneno, alikuwa anafikiria mguu wa mkewe.

Sasa, sare za wafanya usafi zilishonwa na Fundi. Jumamosi moja saa kumi jioni Mama Dekio alikuja nyumbani kwao na sare yake ya bluu mkononi, akaomba ipunguzwe. Ilikuwa mara ya tatu mwaka ule. Fundi alimsimamisha karibu na dirisha, pini mdomoni, akapitisha tepu kiunoni. Aliisoma, akaiachia, akaipitisha tena. Bwana Vipimo alikuwa kwenye kiti cha pembeni anamenya chungwa.

"Mama," Fundi alisema pini zikiwa bado mdomoni, "tangu mwaka jana umepungua inchi saba."

"Ndiyo, mwanangu. Nimekuwa msichana."

"Hospitali wanasemaje?"

"Wanasema mzima. Mumeo amenipima mwenyewe, Mungu ambariki, hachoki kunipima."

Fundi alimaliza kuweka pini, akamkaribisha Mama Dekio maji. Mama Dekio alikunywa bilauri sita, akashukuru kwa kila moja, akaaga. Walimtazama anavyovuka barabara na kusimama katikati kwanza kupumzika, magari yakamzunguka.

"Mnampima kwa nini?" Fundi aliuliza.

"Kwa mashine."

"Na mashine mnaipima kwa nini?"

Bwana Vipimo aliliweka chungwa juu ya gazeti. "Kwa damu yake."

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha kuchomekea pini. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa tepu nyingine, ya zamani, iliyofifia rangi. Akailaza juu ya meza sambamba na mpya. Inchi thelathini ya tepu ya zamani ilifika thelathini na mbili ya mpya.

"Hii nilipewa nilipomaliza kujifunza kushona," alisema. "Nikaivuta miaka kumi, ikavutika. Ikafika wakati kila mteja wangu akawa mwembamba. Nikasema ama kweli, watu wa siku hizi wanajitunza. Kitambaa nilikuwa nakikata kwa rula ya mbao, kwa hiyo nilijua nilipoanza kurudishiwa nguo zinabana." Akazikunja tepu zote mbili. "Tofauti yetu ni moja. Nguo zangu ziliwabana watu. Nyie, miili ya watu wenu imeifuata tepu."

Bwana Vipimo alikusanya maganda ya chungwa. Alikuwa amelijua jambo hili kwa miezi miwili, na kulisikia likisemwa na mke wake kwa sauti ya kawaida, kwenye chumba chenye vipande vya nyuzi sakafuni, kulimfanya ahisi nafuu na aibu kwa pamoja.

"Damu ya kiwandani ilikuja," akasema. "Ipo. Niliiweka nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya barafu."

Fundi aliutazama mguu wake wa kulia. Aliunyoosha, akauzungusha kifundo. Ulikuwa mguu mzuri, na mwaka ule alikuwa ameupenda upya.

"Nilijua umeniazimia kitu," alisema. "Sikujua umekiazima kwa nani. Mume wangu, nakushukuru, na sikukaripii. Lakini siwezi kutembea na mguu wa mwenzangu huku yeye anasimama katikati ya barabara."

Jumatatu Bwana Vipimo alichukua kichupa kimoja cha kiwandani, akatoa stoo mashine ndogo ya zamani iliyofunikwa kwa pazia, akaiwasha, akailinganisha upya. Akamwita Mama Dekio. Mashine ndogo ilisoma ishirini na saba. Akaiuliza tena, ikajibu vilevile. Kisha, kwa ajili ya ukweli, aliweka ndani yake tone la kichupa chenye neno KAWAIDA, lililotolewa miaka mitatu nyuma kutoka mkono usio na dosari. Ishirini na saba.

Akapanda ghorofa ya tatu kumwona Profesa, daftari la kasoro kwapani. Profesa alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu alikuwa msomaji makini. Hakushangaa, mtu aliyefanya utafiti miaka thelathini ameshaona mengi. Alivua miwani.

"Namsikitikia sana Mama Dekio," alisema, na ilikuwa kweli. "Ananisafishia ofisi kila siku, anapanga hata kalamu zangu. Lakini damu ya kulinganishia haibadilishwi katikati. Tukibadilisha leo, kazi yote ya miaka mitatu inamwagika. Ripoti inakwenda kwa wachapaji Ijumaa."

"Basi aandikishwe na yeye, Profesa. Apate matibabu."

"Kama mgonjwa?"

"Kama mgonjwa."

"Kwa kipimo gani? Mashine rasmi inasema ni mzima. Ile ya stoo ilifutwa kwenye orodha ya vifaa." Profesa akavaa miwani. "Na uandikishaji ulifungwa mwaka wa kwanza, unajua. Tuvute subira kidogo. Utafiti ukiisha tutaangalia."

Bwana Vipimo alimpeleka Mama Dekio kwenye kliniki ya kawaida, mtaa wa pili. Kliniki ilimpokea vizuri, ikampima kwa kimashine chake, kikasema tano nukta sifuri. Vimashine vyote vya kliniki za mji ule vililetwa kila mwezi kwake Bwana Vipimo kulinganishwa. Alikuwa amevilinganisha mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa.

Hapo alikaa kwenye benchi la nje akashika tama. Mama Dekio akakaa kando yake, chupa ya maji mapajani.

"Usijisumbue sana, mwanangu," alimwambia. "Mimi sina kinyongo. Tangu uliponiambia damu yangu ndiyo inawapima wote, nalala nikiwaza: yule mwalimu anapanda ngazi. Yule baba wa macho amemwona mjukuu. Mtu kama mimi, ningewafanyia nini watu hawa zaidi ya kuwafutia sakafu?"

"Lakini utakufa, mama."

"Hilo ndilo silipendi," alikiri Mama Dekio.

Aliyelimaliza jambo ni Fundi. Kwenye friji yake ya nyumbani, pembeni ya maziwa, kulikuwa na vichupa kumi na moja vya insulini. Hospitali ilimpa kila mwezi bila kukosa, kwa kuwa kwenye vitabu alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, na vitabu havikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu amepona. Mama Dekio alikuwa mzima kwenye vitabu hivyohivyo. Fundi akaona wamebadilishana mistari tu, kama nguo mbili zilizotundikwa kwenye henga zisizo zake. Akamwita nyumbani, akamkalisha kwenye kiti cha cherehani, akamfundisha yote aliyojifunza kwa miaka thelathini: namna ya kubana ngozi ya tumbo, namna ya kuhesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa, kuwa na kipande cha sukari mfukoni, kutoona haya mbele za watu. Sindano zilikuwa mpya, kila mtu na zake. Bwana Vipimo alikuja na mashine ya stoo imefungwa kwenye pazia lake, akaiweka mezani kati ya mabaki ya vitambaa, na kila jioni saa kumi na mbili alimpima.

Ishirini na saba ikawa ishirini na mbili. Ikawa kumi na tisa. Mama Dekio alianza kulala usingizi wa moja kwa moja. Sisimizi wa chooni walitawanyika wakaenda kutafuta riziki kwingine. Ilipofika kumi na nne, Fundi alivua kiatu asubuhi akakuta chini ya kidole gumba kumefunguka alama ndogo. Aliiosha, akaifunga kwa kitambaa safi, akaanza tena kujichoma na yeye, akawa anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, ambao ulikuwa mzito wa kuelewa.

Ilipofika kumi na moja Mama Dekio aliuona ule mguu. Alikuwa ameinama kuokota uzi.

"Simamisheni hapo," alisema.

"Bado, mama," Fundi alisema. "Tunakurudisha mpaka tano. Ni yako."

"Ninajua ni yangu, ndiyo maana nasema simamisheni. Leo nimemkuta mwalimu amekaa kwenye ngazi, anajisugua goti. Nikamuuliza vipi, akasema si kitu, ni baridi." Akaukunja uzi kwenye kidole. "Mimi naweza kubeba ndoo sasa. Nimeanza hata kuimba. Mnataka niimbe kwa sauti kiasi gani?"

Fundi alitaka kubishana, na walibishana, muda mrefu, mama na mwana, chai ikapoa. Mwisho walikubaliana kugawana. Mama Dekio angebaki kwenye kumi. Kidonda cha Fundi kingebaki ukubwa wa kifungo cha shati, na kilibaki hivyo, hakikukua wala hakikufunga, kana kwamba na chenyewe kilikuwa kimekaa kwenye kikao. Mwalimu aliumwa siku mbili kwa mwezi, siku za baridi, badala ya kumi, na alizisifu sana siku mbili hizo kwa uchache wake. Kabla Mama Dekio hajaondoka jioni ile, Fundi alimshika mikono yote miwili. Akasema tu, "Mama, ahsante kwa mguu." Mama Dekio akamjibu, "Ahsante kwa sindano, mwanangu," na wote wawili wakaona hakuna lililobaki.

Ripoti ilitoka mwezi uliofuata. Ilikuwa nene na nzuri, yenye jedwali lililorekebishika. Ilizinduliwa kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu, watu wakapiga makofi wamesimama, na wengi walitokwa machozi, maana miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wameshaagana na familia zao. Mwalimu alizungumza kwa niaba ya wagonjwa, akazungumza vizuri mpaka Bwana Vipimo akalazimika kuangalia dari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa shukrani. Waliotajwa ni wafadhili, wizara, kampuni iliyotengeneza mashine, kampuni iliyotengeneza friji, Profesa, mtakwimu, wauguzi kwa ujumla wao, na Bwana Vipimo kwa uangalifu wake katika ulinganishi. Aya ya pili kutoka chini ilipendekeza damu ileile ya kulinganishia iendelee kutumika katika awamu inayofuata, ya miaka mitano, kwa kuwa ilikuwa imeonyesha uthabiti wa hali ya juu.

Wageni walipoondoka Mama Dekio aliingia na dekio. Alikuta nakala moja imeachwa kwenye kiti. Akaketi, akavuta miwani mfukoni, akausoma ukurasa wa mwisho kwa utaratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka mwisho. Kisha akaurudia. Bwana Vipimo alikuwa mlangoni anamngoja, hajui aweke wapi mikono.

"Wamekutaja," Mama Dekio alimwambia. "Hapa. Jina lako wameliandika vizuri, hawajakosea herufi hata moja."

"Na wewe, mama?"

"Mimi wameniweka huku chini." Alimwonyesha ile aya ya pili kutoka chini. "Uthabiti wa hali ya juu." Akaikunja ripoti, akaitia kwenye mfuko wa sare, ambayo Fundi alikuwa ameiachia inchi tatu. "Nitampelekea kitindamimba asome. Inua mguu, mwanangu, nipite hapo."

Uandikishaji wa awamu mpya ulifunguliwa na kufungwa. Mama Dekio alijaza fomu mara mbili. Mara zote mbili alirudishiwa na maelezo yaliyopigwa chapa kwamba vipimo vyake havina tatizo, pamoja na shukrani kwa moyo wake wa kujitolea. Fomu alizihifadhi kwa sababu ya zile shukrani. Profesa alihamishiwa kwenye ofisi kubwa zaidi, akaomba Mama Dekio aendelee kuisafisha. Kwenye boksi la kiwandani vichupa vilivyobaki vilipita tarehe, vikatupwa kwa kufuata taratibu.

Siku za kazi, saa moja na robo asubuhi, Bwana Vipimo hufungua friji na kutoa kichupa cha tundu la kwanza. Siku hizi hakipindui papo hapo. Hukishika kwanza kwenye kiganja mpaka kipoteze baridi, na wagonjwa waliowahi benchi humsikia akisema, "Shikamoo, mama." Halafu hukipindua mara nane, hukiingiza kwenye mashine, na kusubiri dakika mbili. Karatasi hutoka. Tano nukta sifuri.

Juu, ghorofa ya tatu, Mama Dekio huacha kuimba kidogo. "Marahaba, mwanangu," husema, macho yake yakiwa sakafuni, kisha hukamua dekio na kuendelea na kazi.